Mtu wa Malaba Mwenye Darubini

Darubini niliipata kwenye mnada wa forodha, kati ya mizigo ambayo wenyewe hawakurudi kuichukua. Mimi ni ajenti wa mizigo hapa Malaba, kazi niliyoianza nilipotoka chuoni, na siku hiyo nilikuwa nimeenda kutafuta viti vya ofisi. Viti vilichukuliwa na wengine. Likabaki sanduku refu ambalo hakuna aliyelitaka, na karani akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba ndani kuna bomba. Nilipolifungua nyumbani, baba yangu alichungulia akaniuliza kama nimenunua mtambo wa kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe.

Haikuwa na miguu. Fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni alinitengenezea stendi kama zile za kuwekea mapipa ya maji, akaitia bawaba ili bomba liweze kupanda na kushuka. Niliisimamisha uani nyuma ya jikoni, mahali ambapo ukuta wa zizi unakinga mwanga wa magari. Boma letu liko kando ya barabara kuu, kabla hujafika mpakani, na malori hupita hapo mchana na usiku. Mama alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Tulikuwa wawili tu, mimi na baba, pamoja na ng'ombe wake.

Nilianza na mwezi, kama kila mtu. Nilipouzoea nikaielekeza darubini kwenye nyota iliyong'aa kuliko zote upande wa mashariki. Kwenye kilenzi, kile kioo kidogo cha kuchungulia, haikuwa nyota tena. Ilikuwa duara dogo la rangi ya maziwa, lenye mistari miwili ya kahawia, na pembeni yake vidoa vinne vya mwanga vimejipanga kama shanga. Nilifikiri ni vumbi. Nikafuta kilenzi kwa kanga, nikaangalia tena, vidoa bado vilikuwepo. Jioni iliyofuata vilikuwa vitatu, na vilikuwa vimehama.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikatulia. Kwamba sayari ya Mshtarii ina miezi nilikuwa nimesoma shuleni, jinsi mtu anavyosoma miji mikuu ya nchi ambazo hatafika. Kuikuta miezi yenyewe ikizunguka nyuma ya jikoni kwetu lilikuwa jambo lingine kabisa. Tangu siku hiyo, mbingu ikiwa safi, sikukosa kutoka baada ya kukamua.

Kisha ukaja mwaka wa korona. Madereva hawakuruhusiwa kuvuka bila majibu ya vipimo, na majibu yalichelewa. Foleni ya malori ilianzia mpakani, ikapita langoni kwetu, ikaendelea nyuma mpaka usiweze kuona mwisho wake. Madereva walipika chini ya matrela, wakafua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni. Watu wa mji waliwaogopa. Walisema hao ndio wanaoleta ugonjwa. Baba aliwauzia maziwa, lakini aliweka chupa juu ya nguzo ya ua na kurudi nyuma kabla hawajaichukua.

Jioni moja nilikuwa nimeinama kwenye darubini nikasikia sauti ya mwanamume kutoka nje ya ua, upande wa barabara.

"Madam, samahani. Hicho chombo ni cha serikali?"

"Ni changu," nikasema.

"Nilidhani unatupima homa kutoka mbali."

Sikuwa nimecheka kwa muda mrefu. Nikamwambia apite langoni, lakini avae barakoa vizuri. Alikuwa mwanamume mrefu, taulo shingoni, mwenye kuzungumza polepole kama mtu anayepima kila neno. Nilifuta kilenzi kwa spiriti, nikarudi nyuma hadi kwenye ukuta wa zizi, nikamwambia aangalie bila kugusa bomba. Akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule na kuinama. Aliendelea kutazama mpaka nikafikiri haoni kitu.

"Iko na watoto," akasema.

"Ni miezi yake."

"Minne?"

"Iko mingi kuliko hiyo. Hiyo minne ndiyo chombo hiki kinaweza kuona."

Kisha nikamwonyesha Zohali, yenye pete. Aliangalia, akainua kichwa, akaenda mbele ya bomba na kuchungulia mdomoni mwake.

"Umebandika picha," akasema.

"Angalia tena, usiondoe jicho. Utaona ikihama."

Darubini yangu haina mota ya kufuata nyota, kwa hiyo chochote unachokitazama huteleza taratibu kuelekea ukingoni mpaka kipotee. Akaangalia ikiteleza.

"Sasa inaenda wapi?"

"Haiendi. Ni sisi tunaenda."

Alisimama wima akautazama uwanja wetu, zizi, jikoni, na ile foleni ya malori yaliyozimwa nje ya ua. "Na hapa nilikuwa nasema hatujasonga tangu Jumatatu," akasema.

Alikuja kila jioni hadi majibu yake yalipotoka. Tulikuwa tukiangalia mpaka saa ya kafyu ya kutotoka nje ikaribie, kisha anarudi kwenye lori lake. Jioni moja programu ya simu yangu ilionyesha kwamba mmoja wa miezi ya Mshtarii, ule uitwao Io, ungetoka kwenye kivuli cha sayari. Nilimweleza kwamba Mshtarii nayo hutupa kivuli nyuma yake, na mwezi ukiingia humo unazimika hata kama haujafichwa na sayari yenyewe. Tukapokezana kilenzi. Nilimpa zamu yake muda ulipokaribia.

"Hapa hakuna kitu," akasema. "Ni giza tu." Akazidi kutazama. Kisha akasema, polepole zaidi ya kawaida yake, "Imekuja. Imetoka mahali hakuna kitu. Kumbe ilikuwa hapo muda wote."

Nadhani nilimpenda jioni hiyo, ingawa wakati huo hisia hiyo niliipa jina lingine. Niliiita mazoea.

Alivuka kwenda Kampala, akaniachia namba. Alipiga simu. Aliporudi alisimamisha lori, na safari iliyofuata akalisimamisha tena. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, Mshtarii na Zohali zilisogeleana mpaka zikaonekana kama nyota moja yenye uvimbe, magharibi, juu ya ule mlima wa jiwe wa Tororo. Alipanga safari yake ili awe Malaba wiki hiyo. Jua lilipozama tuliziona zote mbili kwenye kilenzi kwa pamoja, moja na miezi yake, nyingine na pete yake. Hata baba alitoka akaangalia.

"Zitagongana?" baba akauliza.

"Hapana, mzee," yeye akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Ziko mbali sana. Ni vile tu sisi tumesimama ndiyo zinaonekana pamoja."

Baba alimtazama kwa heshima. Mgeni alipoondoka aliniuliza, "Ni wa wapi huyu?"

"Ni Mkamba, papa. Wa Makueni."

"Wanasali kanisa gani?"

"Letu."

"Basi," akasema, akaenda kulala.

Hatukuwa vijana. Yeye aliwahi kuoa, mke akaondoka mapema, hawakuwa wamezaa. Mimi sikuwahi kuolewa. Malaba ni mji ambao mwanamke akionekana na dereva watu hawahitaji kusikia zaidi. Dereva ni wa kupita, wanasema, na aliyepita leo ana wengine wa kupita kwao. Maneno hayo nilikuwa nimekua nayo, na kuna miezi ya kwanza ambayo niliyasikiliza. Lakini miaka ilienda na yeye akaendelea kusimamisha lori mahali pale pale, akaendelea kubisha langoni kwa namna ile ile, na mwishowe ng'ombe wenyewe wakaacha kuinua vichwa.

Alijinunulia darubini ya mkono, ile ya macho mawili, kuukuu. Akiwa Mbarara au kule Elegu mpakani mwa Sudan Kusini, alikuwa akizima injini ili kusiwe na mtikisiko, anaegemeza darubini kwenye kioo cha pembeni cha lori, kisha ananipigia. Nami nilikuwa uani. Tukawa tunaangalia Mshtarii kwa wakati mmoja, yeye kwake na mimi kwangu, tukihesabiana miezi. Mara ya kwanza tuligombana.

"Naona mitatu, yote iko kulia," akasema.

"Hapana. Iko kushoto."

"Madam, mimi niko na macho."

"Na mimi niko na darubini kubwa."

"Kubwa si kitu. Kulia ni kulia."

Karibu tukatiane simu. Ndipo nikakumbuka kwamba darubini ya kioo kama yangu hugeuza kila kitu, juu ikawa chini na kulia ikawa kushoto. Nilipomwambia alicheka mpaka nikamsikia dereva mwingine akimuuliza kuna nini. Kuanzia siku hiyo hakuacha kuniuliza, "Leo tunatumia kulia yako ama kulia ya ukweli?"

Zohali nayo tuliifuata mwaka baada ya mwaka. Pete zake zilikuwa pana tulipokutana. Kila msimu zilionekana nyembamba zaidi, na alikuwa na wasiwasi nazo kama mtu anayemwona rafiki yake akikonda. Nilimweleza kwamba hazipungui, ila tunazitazama kwa pembe nyingine, kama sahani unayoishusha machoni polepole mpaka ubaki unaona ukingo wake tu. Alielewa, lakini bado kila mara aliuliza, "Na leo?"

Mara ya mwisho alipokuja ilikuwa mwanzoni mwa mwaka jana, wakati wa kiangazi, mbingu ikiwa safi ajabu. Sayari zilikuwa zimetawanyika angani tangu magharibi hadi mashariki. Tulianza na Zuhura, iliyokuwa nusu kama mwezi wa nusu. Karibu nayo Zohali, pete yake ikiwa mstari mwembamba tu. Mshtarii ilikuwa juu sana, ikabidi apige magoti kwenye gunia ili afikie kilenzi. Tukamalizia na Mirihi, nyekundu, ikipanda juu ya miwa ya jirani. Aliangalia kila moja bila haraka. Kisha tukaingia ndani tukala, sisi watatu, na alipomaliza kunawa akamgeukia baba.

"Mzee, baada ya Pasaka nataka kuleta watu wa kwetu hapa."

Baba aliendelea kuchokonoa meno. "Walete," akasema.

Hakuna aliyenitazama. Nilikusanya sahani nikaenda jikoni, na huko jikoni nilisimama tu nikiwa nimezishika.

Safari zilizofuata alipitishwa mpaka mwingine, lakini alipiga simu njiani kama kawaida, mara nyingine kutoka Kampala, mara nyingine kutoka Nairobi. Mara ya mwisho nilipomsikia alikuwa Eldoret akielekea Nairobi. Alisema kuna ukungu na mvua, na kwamba angepiga akifika. Hakupiga. Nilipompigia, simu ilikuwa imezimwa, na kesho yake pia.

Mwanzoni sikuwa na hofu. Simu za madereva huibiwa, huanguka, hukosa chaji. Alikuwa amesema huenda akapelekwa Juba, na Juba mtu anaweza kupotea wiki nzima bila netiwaki. Pasaka ikaja. Baba alimwita fundi akapaka chokaa chumba cha wageni. Hakusema ni kwa ajili ya nani. Pasaka ikapita. Mvua za masika zilikuwa zimefunga anga yote, hakukuwa na cha kuangalia, na nilikuwa nikirudi kutoka kazini ninakaa sebuleni nikiisikiliza mvua kwenye mabati na simu ikiwa mapajani. Nilianza kukumbuka yale maneno ya mji kuhusu madereva. Nilianza kuamini kwamba amepita, kama wote walivyosema angepita. Ninakumbuka hata nilimkasirikia.

Kisha siku moja, mchana, aliingia ofisini dereva mzee aliyekuwa na mzigo wa kampuni ile ile ya yule niliyekuwa nikimngoja. Alivaa miwani ya kusomea iliyofungwa kamba. Nilipokea makaratasi yake, nikaanza kuyapitia, na nikauliza kana kwamba naulizia hali ya barabara.

"Yule mwenzenu mrefu, Mkamba, siku hizi mmempa njia gani?"

"Yule tulimzika, madam."

Nilimwomba arudie, kwa sababu mashine ya kuchapa ilikuwa ikipiga kelele.

"Tulimzika kabla ya Pasaka. Lori lilikosa breki kwenye mteremko mmoja baada ya Timboroa. Mvua ilikuwa nyingi." Akavua miwani. "Mlikuwa mnajuana?"

"Alikuwa anapitia hapa," nikasema.

"Pole sana, madam. Alikuwa mtu mzuri."

Niliyamaliza makaratasi yake. Sijui niliyamalizaje. Nilipiga mihuri, nikampangia kurasa, nikamwambia aende dirisha gani. Alishukuru, akatembea hadi mlangoni, kisha akasimama akageuka.

"Kuna mtu wa hapa Malaba alikuwa anaongea na yeye kwa simu, karibu kila jioni. Mtu wa mambo ya nyota. Tulitaka kumwambia, lakini simu iliharibika yote na hakuna mtu alijua jina. Wewe unakaa hapa. Unaweza kuwa unamjua?"

"Ni mimi," nikasema.

Alirudi akaketi kwenye kiti cha wateja, makaratasi mkononi, na lori lake likingoja nje. Alikaa tu nami, mpaka mwenzangu wa ofisi alipoingia kutoka chakula cha mchana na kuuliza kama kuna tatizo na mzigo.

Kitu ambacho sikujua kuhusu msiba ni kwamba una milango yake, na mtu asiye na cheo cha mke wala cha ndugu hapewi nafasi ya kuingia. Hakukuwa na matanga kwetu. Majirani hawakuja na kuni wala sukari, kwa maana hawakuwa na habari kwamba nimefiwa. Nilikuwa nimefiwa katikati ya wiki ya kazi, mwezi na zaidi baada ya mazishi, na asubuhi iliyofuata nilipaswa kuwa dirishani saa za kazi. Nilikwenda. Jioni nililia zizini, kwa sababu huko hakuna wa kuuliza. Darubini niliifunika kwa turubai, nikaweka matofali juu yake upepo usiliondoe.

Baba nilimwambia kwa maneno machache. Alitoka kwenda kukata nyasi ingawa zilikuwepo za kutosha.

Jumapili nilikwenda mapema kwa katekista kumwomba amtaje kwenye maombi ya marehemu. Katekista ni mtu mwema. Aliuliza tu anachouliza kila mtu: "Ni nani wako?"

Neno rafiki lilikuwa dogo. Mume lingekuwa uongo, na watu waliokuwa wakiingia kanisani walikuwa wakitusikia. Baba alikuwa nyuma yangu, ameegemea baiskeli yake.

"Andika ni mkwe wangu," baba akasema.

Katekista alimtazama, akamtazama tena, akaandika. Likasomwa hivyo mbele ya kanisa lote: mkwe wa mzee fulani. Wiki hiyo ndipo majirani walipokuja, wawili watatu, na sukari.

Dereva yule mzee alikuwa amenieleza njia ya kwao. Mvua zilipokwisha niliomba ruhusa nikasafiri, basi hadi Nairobi, gari lingine hadi mji wa Wote, kisha pikipiki kwenye barabara ya vumbi jekundu. Nilikuwa nimezoea nchi yetu ya miwa na matope. Kule kila kitu kilikuwa kikavu na wazi, unamwona mtu akiwa bado mbali. Nilipofika kwenye boma, mwanamke mzee alikuwa amesimama chini ya mabati ya kibarazani, na shingoni alikuwa amevaa ile darubini ya mkono.

"Nimekuona tangu ushuke pikipiki," akasema. "Kampuni waliniletea hii na nguo zake. Inanisaidia kuangalia mbuzi. Wewe ni wa kampuni?"

"Hapana, mama. Mimi natoka Malaba."

"Malaba." Alilitamka jina hilo kwa uangalifu. "Unamjua rafiki yake? Yule anamwonyesha nyota?"

"Ni mimi, mama."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Sikuweza kusoma uso wake. Aliniashiria nikae kwenye kiti, naye akaketi kwenye kigoda karibu yangu.

"Nilidhani ni mwanamume," akasema. "Mzee fulani aliyesoma. Alisema rafiki. Kila akija: rafiki yangu wa Malaba ananionyesha hiki, rafiki yangu wa Malaba anasema hivi. Na mimi sikuuliza."

Miaka yote ile. Nilikuwa rafiki. Sikulia mbele yake, lakini kitu fulani kilianguka ndani yangu, na hadi leo sijakiinua. Naye alikuwa bado anazungumza, taratibu, akitafuta maneno ya Kiswahili.

"Mwaka huu alisema baada ya Pasaka atatupeleka Malaba, mimi na ndugu za baba yake. Alisema kuna kitu anataka tuone. Nikamwambia, mimi ni mzee, siwezi kwenda mbali hivyo kwa sababu ya nyota." Alishika darubini shingoni. "Alicheka. Akasema, wewe njoo tu, mama."

Tulikaa pale. Kuku walipita kati ya miguu yetu. Sijui kwa nini hakumwambia. Labda alitaka mama yake anione kwa macho yake kwanza, labda aliogopa kwamba yule mke wa zamani bado alikuwa anapendwa nyumbani, labda ilikuwa tabia yake tu ya kupima kila neno. Nimejiuliza hivyo mara nyingi na hakuna wa kunijibu. Niliyempenda hakuwa mwongo. Hicho ninakijua. Lakini pia hakusema.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, limejengwa kwa simenti, na maua ya plastiki yaliyokwisha kupauka kwa jua. Mama yake alinifikisha akaniacha. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa yale nitakayosema, na nilipofika sikuyaona. Nilikaa chini kando ya simenti, ilikuwa ya moto, na nikakaa hapo hadi kivuli cha tangi kikanifikia.

Baada ya hapo mama yake alianza kunipigia simu siku za Jumapili. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi. Aliuliza kama kumenyesha, mimi nikauliza mbuzi. Mwishoni mwa mwaka alisema jambo ambalo sikulitarajia.

"Njoo tena. Uje na baba yako."

Nilimwambia baba nikidhani atakataa. Ni watu wa mvulana ndio huja kwa watu wa msichana, si kinyume, na yeye ni mzee wa kufuata mambo hayo. Alifikiri kwa siku kadhaa. Kisha akamtafuta mtu wa kukamua ng'ombe na kutoa koti lake sandukuni.

Walielewana, wazee hao wawili, kwa Kiswahili cha kuokotaokota. Walizungumzia kupe, ukame, na bei mbaya za wanunuzi. Baada ya chai, mama yake alitoka nje na kurudi na shemeji yake, wakiwa wanavuta mbuzi watatu kwa kamba. Aliwafunga kwenye nguzo ya kibaraza, mbele ya miguu ya baba.

"Mzee," akasema, "kwetu hawa wanaenda kwa baba ya msichana. Mwanangu angewaleta mwenyewe. Bila hawa, huyu ni mgeni tu hapa. Sitaki awe mgeni kwa lile kaburi."

Baba aliwatazama mbuzi muda mrefu. Alisimama, akamgusa kila mmoja mgongoni kwa kiganja.

"Nimepokea," akasema. "Lakini siwezi kupanda nao basi mpaka Malaba. Wakae hapa. Ni wangu, wewe nichungie."

"Nitakuchungia."

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba. Nilisikia shemeji yake akianza sala, na baba akiitikia kwa Kiteso kwa sababu ndivyo anavyosali. Sikuwa na furaha. Ninasema hivyo kwa sababu watu niliowasimulia hutegemea niseme kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimeolewa, alasiri, kando ya tangi la maji, na mwanamume ambaye hangekuja tena. Nililia kwa sauti, mara ya kwanza tangu nipate habari, na hakuna aliyenijia, na nilishukuru.

Tulirudi kesho yake. Mimi nilikaa dirishani. Basi lilipita Nakuru, likapanda kuelekea Timboroa, kwenye baridi, na baba aliyekuwa amesinzia akaamka na kuanza kutazama nje, ukingo wa barabara, miti, mitaro.

"Ni hapa?" akauliza.

"Sijui, papa. Ni sehemu hizi."

Alivua kofia yake akaiweka mapajani. Basi halikupunguza mwendo. Tulipita mteremko mmoja, kisha mwingine, na mwingine, na kwa kuwa hatukujua ni upi, hakuivaa tena mpaka tulipoingia Eldoret.